Jani la Isale kwa Mama

Endulen, Ngorongoro
Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka

Kwa Mama yangu, Mwika,

Shikamoo, Mama. Na shikamoo nyingine juu yake, maana ile niliyopaswa kukupa asubuhi ya siku iliyofuata Krismasi nilipita nayo getini bila kuitoa. Nimekaa nayo miezi minne sasa, na nimechoka kuibeba.

Hujambo? Goti la kushoto linasemaje na baridi hii ya masika? Bado unalikanda kwa maji ya chumvi, au umekubali ile dawa ya kuchua niliyokuachia dirishani? Najua hujaigusa. Ng'ombe ameshazaa? Nilimwacha tumbo likikaribia kuburuza chini. Kahawa imetoa maua? Na ule mfereji, Baba mdogo ameuzibua au bado anasubiri vijana warudi kutoka mjini waje wauzibue wao?

Barua hii usimpe Mama Elly akusomee. Ni jirani mwema, ametupikia kwenye misiba yetu yote, lakini akisoma jambo asubuhi, jioni limeshafika Himo kwa miguu. Vaa miwani yako, kaa pale kizingitini penye mwanga, usome mwenyewe polepole. Nimeandika herufi kubwa za darasa la kwanza kwa ajili yako. Ningeweza kupiga simu, na mara tatu nimepiga nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu wewe ukitaka jambo liishe unasema, "Mtandao unasumbua, mwanangu," hata kama nakusikia kama uko chumba cha pili. Barua haina mtandao.

Sisi hatujambo. Mkwe wako, Mwalimu Sulle, anakusalimu sana. Anasema bado anangoja ile mbege uliyomwahidi siku ya mahari, kwamba Mwiraqw kuonjeshwa pombe ya ndizi mara moja tu si haki. Naomi ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea Kimaasai zaidi kuliko Kiswahili. Akigombana na wenzake siambulii hata neno, nabaki kumtazama mikono. Kila akiona ndizi anauliza kama zimetoka kwa Bibi.

Habari za huku ni za kuandika kwa penseli, maana hubadilika kila siku. Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Barabara ilikatika, lori la unga likalala njiani siku mbili, na wiki nzima tukala ugali kwa kupimiana. Huku haturuhusiwi kulima, nilishakuambia, kwa kuwa ni hifadhi. Hata mchicha. Mwaka ule wa kwanza nilipanda sukuma wiki kwenye ndoo mbovu nyuma ya nyumba, Sulle akawa anaifunika kwa gunia kila mgeni alipobisha hodi, mwalimu mzima. Mimi niliyezaliwa mgombani leo nanunua majani ya kitunguu yaliyonyauka kwenye gari kutoka Karatu. Ungeniona ungecheka mpaka ukakaa chini.

Jambo linalozungumzwa zaidi ni kuhama. Familia nyingine zimeshaondoka kwenda mkoa wa Tanga, na mabati yao juu ya malori. Nyingine zinasema hapa ndipo walipolala wazee wao na hawaendi popote. Sisi watu wa kuja hatuna kauli, tunafundisha na kushona. Lakini dawati likibaki tupu Sulle hurudi nyumbani hana maneno, na mimi nina magauni mawili ya shule ambayo wenyewe waliondoka kabla ya kuja kuyachukua. Siwezi kuyauza, Mama. Yananing'inia pale kibarazani juu ya cherehani, na nikiyaona najiuliza ni nani anawashonea huko waliko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu.

Nina rafiki hapa, mama wa Kimaasai wa umri wangu, ndiye aliyenifundisha kusalimia. Siku zile za mwanzo nilikuwa nawaambia wanawake "hamjambo" wote wananicheka. Yeye akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe akasema, "Mama fundi, mimi nikisema takwenya, wewe sema iko. Basi. Hapo umeshakuwa mtu." Tangu hapo hapiti kibarazani kwangu bila kukaa. Binti yake wa kwanza alifaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, Karatu. Jina la binti huyo sitaliandika, na ukisoma mbele utaona kwa nini. Mama yake sote tulikuwa tunamwita kwa jina hilo la binti, kama wewe unavyoitwa Mama Aikande hata na watu ambao hawajawahi kuniona.

Mimi ndiye niliyemfumia sweta la shule. Unajua mambo ya bweni, kitu kisicho na jina kina wenyewe wengi, kwa hiyo nikamdarizia jina lake kolani kwa uzi mweupe. Alipokuja kulijaribu alipangusa mikono kwenye shuka lake kwanza ndipo akaligusa. Alijiangalia kwenye kile kioo changu kilichopasuka, akageuka huku na huku, akasema nimkazie kidogo mikononi. Nikamwambia arudi keshokutwa.

Hakurudi. Wiki ile ile ya kuripoti shuleni homa ilimshika. Hospitali walimpokea na wakampigania siku nne, hakuna aliyelala kazini. Siku ya tano asubuhi Sulle alirudi nyumbani kabla ya kipindi cha kwanza, na nilipomwona mlangoni saa ile nilijua.

Wewe unanijua kwenye msiba. Sisi kwetu mtu akifa tunamtaja mpaka koo likauke. Tunaanza kulia kwa jina tangu getini, tunasoma historia yake kanisani, na kila aliyewahi kugawana naye hata kipande cha mua anasimama kusimulia. Basi nikajifunga kanga mbili, nikabeba sukari na majani ya chai, na lile sweta nikalikunja vizuri kwenye mfuko. Nilijiambia mama wa mtoto atataka kitu cha kushika. Sulle alinizuia mlangoni. "Mama Naomi, ngoja kwanza. Tuwaulize wenyeji wanafanyaje." Nikamjibu kwamba msiba hauulizwi, unaendwa. Hiyo ndiyo akili yangu, na aliyeizaa ni wewe.

Nikaingia bomani nikilia kwa sauti, namwita binti wa watu kwa jina lake. Wanawake waliokuwa wamekaa mbele ya nyumba wakanyamaza. Nikamwita tena. Mmoja akainuka akaniwekea kiganja mdomoni, hakunipiga, aliniziba tu, kama unavyomziba mtoto anayeuliza maswali katikati ya mahubiri. Mimi nikadhani ananifariji! Nikatoa sweta, nikalitandaza magotini mwa mama yake, kola juu, jina likimtazama.

 Alisimama, akageuka, akaenda taratibu hadi kwenye zizi la ndama, akainama akaanza kuokota mawe na kuyapanga upya, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Nikawa namwona mgongo tu.

Mgongo ule niliujua, Mama. Ulikuwa wako.

Niruhusu nirudi kidogo nyuma, siyo kwa kukuumiza. Naandika ili uone kwamba nakumbuka nilichofanya. Krismasi nilikuja na ile picha ya mdogo wangu, kitinda mimba wako, niliyoikuzisha studio Karatu na kuiwekea fremu, jina lake limeandikwa chini kwa rangi ya dhahabu. Mkiwa kanisani nikapigilia msumari nikaitundika sebuleni, karibu na kalenda. Ukarudi na wageni. Ukaitazama, ukaitoa msumarini, ukailaza kifudifudi juu ya kabati, ukawauliza wageni kama wamepata bakuli la mtori. Na mimi, mbele ya Baba mdogo na Shangazi na mzee wa kanisa, nikakuambia, "Umemzika mara mbili." Nimeliandika kama nilivyolisema. Sikutaka kulipunguza.

Wewe ulichukua panga na kamba ukasema unaenda kukata majani ya ng'ombe. Siku ya Krismasi, na ng'ombe alikuwa na majani ya siku mbili. Kesho yake asubuhi niliichukua picha, nikamshika Naomi mkono, nikapita getini kabla mbuzi hajachinjwa. Naomi alilia mpaka Moshi kwa sababu ya nyama, na mimi nililia kwa sababu zangu.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Mimi ndiye niliyemwita mdogo wangu Karatu. Wewe ulitaka abaki akusaidie kahawa, nikasema, "Mama, mwachie aone dunia, huku kuna watalii, atajifunza udereva atakuwa mtu." Ukamfungia ndizi za safari ukamruhusu. Miezi minane aliosha magari na kujifunza usukani, na wa tisa gari alilopanda likateleza kwenye tope likabingirika. Nilikuahidi dereva nikakuletea sanduku. Tangu siku ile, miaka miwili, hujataja jina lake mbele yangu hata mara moja. Baba unamtaja kila siku, na alifariki nikiwa darasa la tano. Baba alipenda ndizi zilizokauka mchuzi, Baba asingekubali mti huu ukatwe, Baba, Baba. Lakini mtoto, hapana. Akitajwa tu, panga na kamba.

Nikajijibu mwenyewe: Mama ananihukumu. Anaona mimi ndiye niliyemuua, ila ni mpole mno kunitamkia. Ndiyo maana nilitundika ile picha. Nilitaka ulitaje jina lake nikiwepo, hata kama ungelitaja kwa kunilaani. Kimya chako kilikuwa kinanila.

Sasa turudi bomani. Bibi wa yule binti, wanamwita Koko, ni mzee mwembamba anayetembea na fimbo ndefu kumpita yeye. Ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje. 

"Mama fundi," akasema, "wewe hujakosa kwa roho mbaya. Umekosa kwa mdomo. Sisi mtu mzee amezaa, ameona wajukuu, huyo tunamtaja. Ameshakula maisha yake. Lakini mtoto, jina yake tunaweka chini. Ukiliita, mama yake anasikia mtoto anaitwa na haitiki."

 Halafu, kwa sababu mimi ni mimi, nikamuuliza kama basi ndivyo wanavyowasahau.

Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Nani amesahau?" akasema. "Mwenye kusahau ndiye anataka kukumbushwa jina. Huyu mama hapana."

Sulle anasema si Wamaasai wote wanaofanya hivyo siku hizi, wapo wa kanisani wanaotaja. Lakini boma lile ndivyo. Nilirudi nyumbani na sweta langu, nikakaa kibarazani na wembe, nikafumua lile jina, uzi mmoja mmoja. Kushona ni kazi rahisi, kufumua ndiko kunakotaka roho. Ukiwa unashona jina unalifuata linavyoenda. Ukilifumua unaanzia mwisho, kila herufi unaiona inavyoondoka. Nilimaliza jioni macho yamevimba, na kola ukiipapasa bado ungejua palipokuwa na kitu.

Siku hizo ndipo nilipogundua kwamba kijiji kizima kimeshahama jina. Yule rafiki yangu hakuna tena aliyemwita kama zamani. Wote, hata watoto wa shule, walikuwa wanamwita kwa jina la mtoto wake wa pili, wala hapakuwa na mkutano wala tangazo. Watu zaidi ya mia walikubaliana kumwondolea mwenzao kitu kimoja masikioni. Nilikuwa nimewaona wagumu. Mama, wale watu wana huruma.

Alikuja mwezi wa tatu. Nilimwona akivuka korongo, nikajifanya natafuta uzi sakafuni. Akasimama mbele ya cherehani akasema, "Takwenya," nami nikaitikia, "Iko." Akakaa kwenye benchi lake kama siku zote. Baadaye akasema, "Ile sweta, iko?"

Nikamtolea. Akalishika kola, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na jina, akarudia, taratibu.  Akasema, "Umetoa vizuri." Akalikunja, akasema atampa yule wa pili akimaliza darasa la saba. Kisha akaanza kuniambia habari za ng'ombe mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. "Huyo nakamua mimi mwenyewe," akasema. "Wasichana wote wanataka kunisaidia, nakataa. Huyo hapana mtu mwingine." Hakunieleza zaidi. Nilijua huyo ng'ombe zamani alikuwa akikamuliwa na nani.

Akaenda zake. Na mimi nikabaki nimekaa, mguu kwenye pedeli, nakuwaza wewe na majani yako.

Mama, ni majani gani yanayokatwa saa nzima yakajaza mkono mmoja? Miaka yote nimekuona ukikata majani. Ulikuwa unamaliza kingo mbili za shamba kabla chai haijachemka, na mzigo ukifika nyumbani unaziba mlango. Lakini tangu mdogo wangu alazwe pale chini kwenye migomba, unakaa saa nzima unarudi na konzi. Nimekuona kwa macho yangu sikuona. Na kaburi lile, nilipoenda siku ya Krismasi asubuhi na maua yangu ya plastiki, halikuwa na hata gugu moja. Udongo umesawazishwa, mawe yamepangwa pembeni. Nikamshukuru Baba mdogo kwa kulitunza. Akanishangaa, akasema yeye huwa hafiki kule chini, mgongo haumruhusu. Nikadhani anajishusha.

Ni wewe. Ni wewe uliyekuwa unaenda kila siku kukaa na mwanao, na panga na kamba vya kudanganyia watu, mimi nikasimama sebuleni kwako nikakuambia umemzika mara mbili. Nisamehe, Mama. Sina namna nzuri ya kuliandika hilo. Nimeandika na kukata mara nne, na karatasi ya shule ya Sulle imeisha.

Kwa hiyo nikatafuta isale. Huku Endulen ningelipata wapi? Wiki ya kabla ya Pasaka nilishuka Karatu kununua uzi wa cherehani na wa sweta. Nikaanza kupita mitaa nyuma ya stendi nikichungulia nyua za watu, mpaka mlinzi mmoja akaniuliza mimi ni wa sensa au mwizi. Hatimaye nikaliona limepandwa uani kwa mama mmoja mwenye duka la vyombo. Nikabisha hodi, nikamwamkia, nikamwomba jani moja. Mama wa kwetu, wa Kibosho, mtu mzima kama wewe. Hakuuliza natoka wapi. Alinitazama tu juu ya miwani akasema, "Umemkosea nani?"

Nikasema, "Mama yangu."

Akaenda mwenyewe akachagua, akanikatia jani refu la katikati lisilo na doa. "Funga fundo hapa hapa," akasema, "usilifunge garini ukitikiswa." Nikafunga mbele yake na machozi yananidondoka dukani kwa watu, na yeye anaendelea kuwapimia wateja masufuria. Kisha akanikalisha akanipa chai.

Sulle alipoliona mezani akauliza jani linaombaje msamaha, halina mdomo. Nikamweleza kwamba kwetu Uchagani ukimkosea mtu mkubwa hufiki mikono mitupu ukaanza maneno. Unamtangulizia isale lililofungwa fundo, na akishaletewa isale hawezi kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Akafikiri sana, mwalimu wangu huyu, akasema, "Basi hilo jani lina nguvu kuliko waraka wa afisa elimu."

Lakini mimi, Mama, sitaki unisamehe kwa kulazimishwa na jani. Mila inasema halikataliwi, najua. Ninakuruhusu ulikatae. Kama kuna lawama juu yangu kwa ajili ya mdogo wangu, niambie, nitaipokea kama ilivyo. Hata nikishajua habari za majani, bado sijui kama unanilaumu. Hilo sijalipata kwa Koko wala kwa mtu yeyote, ni wewe tu unayelijua. Likizo ya mwezi wa sita nataka kuja na Naomi tukae wiki tatu. Ukitaka nije, nitumie ndizi kwa kondakta yuleyule atakayekuletea mzigo huu. Hata kichana kimoja, kama zile ulizomfungia mdogo wangu. Zikifika nitajua. Zisipofika nitajua pia, na nitakaa huku ningoje mpaka utakapokuwa tayari.

Kwenye mzigo kuna vitunguu vya Mang'ola. Vitandaze darini visiote, usivigawe vyote kwa kwaya. Kuna asali kwenye chupa ya mafuta, nimeiosha mara tatu. Jani liko kwenye bahasha kubwa, litakuwa limekauka njiani, ila fundo halitafunguka, nimelikagua. Na kile kitu bapa kilichoshonewa kitambaa ni picha. Kitambaa chenyewe ni kile kitenge chako cha zamani cha maua ya bluu. Mdomo wa mfuko nimeufunga kwa uzi mmoja uliolegezwa: ukivuta ncha, wote unafunguka. Usipotaka, usiuvute. Uweke sandukuni, au chini ya godoro, au popote. Ile picha ni yako, haikuwa yangu kuitundika.

Nisalimie Baba mdogo Ndetaramo, mwambie mfereji haujizibui wenyewe, na asante kwa kunisindikiza hadi barabarani siku ile bila kunigombeza, ingawa nilistahili. Shangazi, yule anayekupikia Jumamosi, mwambie nilisikia alichoninong'onezea jikoni, kwamba kila mtu ana namna yake ya kulia, na kwamba alikuwa sahihi. Kwa mzee wa kanisa niombee radhi kwa kumharibia mtori. Nisalimie Mama Elly pia, maana najua amekaa karibu nawe hapo anajaribu kusoma kichwa chini miguu juu. Na ng'ombe, kama amezaa jike, Naomi ameomba aitwe Endulen.

Salamu zilizobaki ni za yule aliye chini kwenye migomba. Kesho ukichukua panga na kamba, ukifika pale, kaa muda wako wote, mimi sitauliza tena majani yako wapi. Mwambie dada yake anamsalimu. Jina lake umeona sijaliandika popote humu, na sitalitamka mbele yako. Lakini ikifika siku unataka kuliita, Mama, uliite nikiwa karibu. Sitaki uite na pasiwe na wa kuitika. Nitaitika mimi.

Ni mimi mwanao,
Aikande